Mensa, mesa, masă, meza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno moja la Kilatini

Ukurasa huu ni wa wanaojifunza Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiitalia au Kiromania ambao, wakiwa katikati ya msamiati wa vyombo vya nyumbani, wamegutuka kukutana na neno walilolijua tangu utotoni. Tunaanza Roma, tunapita kwa lugha zilizozaliwa na Kilatini, kisha tunafika pwani yetu.

Neno "mesa" lina asili gani?

Mama yake ni *mensa* ya Kilatini, yaani meza. Kutoka hapo imezaliwa *mesa* ya Kihispania, *mesa* ya Kireno (inaandikwa vilevile lakini inatamkwa tofauti, na tofauti hiyo itatufaa sana huko mbele), *mesa* ya Kigalisia, *meisa* ya Kiromanshi huko Uswisi, na *masă* ya Kiromania.

Nyuma ya Kilatini njia inaingia ukungu kidogo. Wanaisimu wengi huihusisha *mensa* na kitenzi *metiri*, "kupima", ambacho hutoa *mensus*, "kilichopimwa". Kwa dhana hiyo, *mensa* ya mwanzo ilikuwa ama ubao uliokatwa kwa kipimo, ama fungu la chakula alilopimiwa mtu. Mimi naelemea upande wa chakula, na sababu yangu ni Kiumbria, lugha ya kale ya Italia ya kati iliyokuwa ndugu wa Kilatini. Katika mabamba ya shaba ya Gubbio, yaliyoandikwa kwa lugha hiyo, kuna neno *mefa*, jina la mkate wa kafara, ambalo hulinganishwa na *mensa*. Halafu kuna Virgil, mshairi wa Roma. Katika kitabu cha 7 cha utenzi wake Aeneid, Watroya (watu wa mji wa Troya) waliofika Italia wakiwa na njaa wanakula matunda yaliyopangwa juu ya mikate bapa, kisha wanaila na mikate yenyewe. Kijana Iulus anapiga kelele kwamba sasa wanakula hata meza zao! Kwa msomaji wa Roma utani huo ulikuwa na mizizi mirefu.

Mbona ile "n" imepotea?

Mdomoni ilipotea mapema mno, Roma ikiwa bado Roma. Katika Kilatini cha mazungumzo, *n* iliyotangulia *s* ilififia hadi ikatoweka. Ndiyo maana Warumi wenyewe walifupisha *consul* kwa herufi COS.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni orodha iitwayo Appendix Probi, yenye masahihisho 227 ya aina ya "sema hivi, usiseme vile". Mmoja wa mistari yake unasema: *mensa non mesa*. Mwalimu asiyejulikana alitaka kuiokoa *n*, na kwa kukemea akatuachia rekodi ya jinsi watu walivyotamka kweli. Wanafunzi wake ndio walioshinda.

Kanuni hiyohiyo iligusa maneno mengine: *sponsa* (mchumba) ikawa *esposa* ya Kihispania na *sposa* ya Kiitalia, *mensis* (mwezi) ikawa *mes* na *mese*, *insula* (kisiwa) ikawa *isla* na *isola*. Ukikuta neno la Kihispania ambalo bado lina *ns*, shuku kwamba liliazimwa baadaye kutoka vitabuni. Kitenzi *pensare* kimeacha watoto wawili: *pesar*, "kupima uzito", kilichopita midomoni mwa watu, na *pensar*, "kufikiri", kilichopita mikononi mwa wasomi.

Kama ni hivyo, mbona Wafaransa wanasema "table" na Waitalia "tavola"?

Kwa sababu walibadilisha neno. Kilatini kilikuwa pia na *tabula*, yaani ubao: ubao wa mbao, ubao wa kuandikia, ubao wa kubandikia sheria. Wakati fulani watu wa Galia (Ufaransa ya kale) na Italia walianza kuita meza "ubao", na jina hilo likaisukuma *mensa* pembeni. Leo Mfaransa ana *table*, Mwitalia *tavola* na *tavolo*, Mkatalani *taula*. Kwa Wahispania na Wareno *tabula* haikufa, ila ilibaki kwenye kazi yake ya zamani: *tabla* ya Kihispania na *tábua* ya Kireno bado ni ubao tu.

Sasa angalia ramani. *Mensa* imebaki Hispania na Ureno, magharibi kabisa, na Romania, mashariki kabisa. Katikati karibu yote yametwaliwa na *tabula*, isipokuwa visiwa vidogo kama Kiromanshi. Wahispania na Waromania hawakupakana wala hawakuazimana neno hilo. Kila mmoja alilihifadhi kivyake. Mwanaisimu wa Italia Matteo Bartoli (1873–1946) alilifanya jambo hili kuwa kanuni: maneno mapya huzuka katikati, penye miji mikubwa na njia nyingi, na pembezoni hubaki na yale ya kale. Mfano wa meza hauko peke yake:

- "zuri": *hermoso* na *frumos* pembezoni (kutoka *formosus*), lakini *beau* na *bello* katikati (kutoka *bellus*);
- "zaidi": *más* na *mai* pembezoni (kutoka *magis*), lakini *plus* na *più* katikati;
- "kuchemka": *hervir* na *a fierbe* pembezoni (kutoka *fervere*), lakini *bouillir* na *bollire* katikati (kutoka *bullire*).

Hata Ufaransa *mensa* haikufutika yote. Imejificha kwa maseremala wa mapaa, katika neno *moise*, jina la mbao mbili zinazobana nguzo au boriti.

Warumi walimaanisha nini hasa waliposema "mensa"?

Hapa inafaa kuifuta akilini picha ya meza ya leo. Mrumi tajiri alikula akiwa amejilaza kwenye kochi, akiegemea kiwiko cha kushoto. Meza yake ilikuwa ndogo, ya kubebeka, na watumwa waliweza kuileta na chakula chake kisha kuiondoa na kuleta nyingine. Kwa hiyo *mensa* ikawa pia jina la mkupuo wa chakula: *mensa prima* ilikuwa mlo mkuu, na *mensa secunda* matunda na vitamutamu vya mwisho.

Maana ya tatu ni fedha. Mbadilishaji fedha aliketi nyuma ya meza yake sokoni, na *mensarius* lilikuwa jina la mshika fedha. Katika Biblia ya Kilatini, Yesu anapowafukuza wabadilisha fedha hekaluni, anachopindua ni *mensas*. Wagiriki walipita njia hiyohiyo kwa neno lao *trapeza*: kwa Mgiriki wa leo *trapeza* ni benki. Na Barcelona, mwaka 1401, ilianzishwa benki ya umma iliyoitwa Taula de Canvi, Meza ya Kubadilishia. Neno lilikuwa limebadilika kutoka *mensa* kuwa *tabula*, lakini wazo la meza kuwa mahali pa fedha lilibaki palepale.

Na meza zenyewe zilikuwa fahari. Zilizotamaniwa kuliko zote zilichongwa kwa mti ulioitwa *citrus* (si mchungwa wala mlimau), uliotoka milima ya Afrika Kaskazini. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Roma, anaandika kwamba Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu, alinunua meza moja ya mti huo kwa sesterce (sarafu za Kirumi) 500,000. Fedha hiyo ilitosha kununua shamba kubwa, na Cicero hakuwa tajiri namba moja wa Roma.

Ni kweli Waromania wanaita chakula "meza"?

Ndiyo. *Masă* ni meza, na ni mlo. *A lua masa*, kwa neno kwa neno "kuchukua meza", ni kula. *Masa de prânz* ni chakula cha mchana. Ukikaribishwa *poftiți la masă*, unaitwa kula, si kutazama samani. Kati ya lugha zote za ukoo huu, hiyo ndiyo iliyobaki karibu zaidi na maana ya Kirumi niliyoieleza hapo juu.

Tahadhari moja: kuna *masă* nyingine ya Kiromania yenye maana ya tungamo au umati. Hiyo ilitoka Kifaransa *masse* na haina undugu na meza.

Italia kuna mabango ya "mensa". Si ulisema waliliacha neno hilo?

Waliliacha likarudi kwa mlango wa vitabu na wa kanisa, na ndiyo maana bado lina *n*. Leo *mensa* ni kantini ya kiwanda, shule au chuo kikuu. Wajerumani nao huita kantini ya chuo *Mensa*. Katika mashairi na ibada *mensa* ya Kiitalia bado ni meza, ila meza ya heshima.

Mfano mzuri ni Zaburi ya 23. Kiswahili kinasema "Waandaa meza mbele yangu". Kilatini kina *mensam*, Kihispania *mesa*, Kiromania *masa*, Kifaransa *table*. Tafsiri ya Kiitalia inayosomwa makanisani inasema *Davanti a me tu prepari una mensa*. Haikutumia *tavola* ya kila siku. Mtafsiri alijua anachofanya: meza aliyoiandaa Mungu isingeitwa kwa jina la meza ya jikoni.

Kwa mlo wa nyumbani Mwitalia husema *tavola*. Mama akiita *A tavola!*, kila mtu aende akale. *Tavolo*, la kiume, ni kifaa chenyewe, kile unachobeba wakati wa kuhama.

"Sobremesa" ni nini? Kamusi zangu mbili hazikubaliani.

Zote mbili ni sahihi. Kwa Mreno na Mbrazili, *sobremesa* ni kitamutamu cha baada ya mlo: tunda, keki, aiskrimu. Kwa Mhispania, *sobremesa* ni ule muda wa kukaa na kuzungumza baada ya kula, sahani zikiwa bado mezani na hakuna anayeharakisha kuondoka. Mhudumu wa Lisbon anayekuuliza *Sobremesa?* anataka kujua akuletee nini. Rafiki wa Madrid anayesifu *sobremesa* ya jana anasifu mazungumzo. Asili ni moja, "juu ya meza", yaani kinachofuata mlo. Wareno wakakipa jina kile kinacholiwa, Wahispania ule muda.

Mesa ya Marekani, ile milima iliyokatwa bapa, ndiyo hiyohiyo?

Ndiyo hiyohiyo. Wahispania walipoona vilima vyenye kilele bapa na ubavu wa kusimama wima, waliviita *mesas*, na jina likaingia katika jiografia ya dunia. Mesa Verde, "meza ya kijani", ni hifadhi ya taifa huko Colorado tangu 1906. Uwanda wa juu wa Hispania ya kati unaitwa Meseta, "meza ndogo", ingawa ni mkubwa mno.

Wareno nao walikuwa na mlima wao wa meza, kule Cape Town. António de Saldanha alipoupanda mwaka 1503 aliuita Taboa do Cabo, akichagua neno la ubao badala ya *mesa*. Kilatini kikaja kurekebisha: mnajimu Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyekuwa Cape Town mwaka 1751 na 1752 akichora nyota za kusini, aliliita kundi moja la nyota Mons Mensae kwa heshima ya mlima huo. Leo linaitwa Mensa tu, na lipo angani karibu na ncha ya kusini.

Kwa nini uongozi wa Bunge la Ureno unaitwa "Mesa"?

Kwa sababu walioketi mezani ndio wanaoongoza. *Mesa da Assembleia* ni spika, manaibu wake na makatibu kwa pamoja. Katika Kihispania *mesa electoral* ni kundi la wasimamizi wa kituo cha kupigia kura, na Mbrazili anayesimamia kituo hicho ni *mesário*. Sisi tuna "meza kuu" kwenye harusi na mikutano, na tunajua vizuri kwamba tunaposema "salamu kwa meza kuu" hatusalimii mbao.

Misemo mingine hukutana na yetu bila kuazimana. Rushwa hupita *por debajo de la mesa* kwa Mhispania, *por baixo da mesa* kwa Mreno, na chini ya meza kwetu. Penye kupindua meza, kuwa mwangalifu. Kwa mashabiki wa soka wa Tanzania, timu iliyopindua meza imefungwa kwanza kisha ikashinda, na inastahili sifa. Kwa Mbrazili, *virada de mesa* katika soka ni kashfa: ni kubadilisha kanuni nje ya uwanja ili timu iliyoshuka daraja ibaki.

Je, "meza" ya Kiswahili kweli imetoka Kireno? Kwa nini si Kihispania, au Kiajemi?

Swali hili linastahili jibu refu.

Kihispania ni rahisi kukiondoa. Wahispania hawakuwahi kutawala pwani hii, lakini hata bila historia, sauti inatosha. Mhispania hutamka *mesa* kwa *s* kavu. Mreno, akikuta *s* moja kati ya irabu mbili, huitamka *z*: kwa sikio *mesa* yake ni "meza" kabisa. Hatukuongeza wala kupunguza kitu. Linganisha na *lenço*, kitambaa, ambayo Mreno huitamka kwa *s*: kwetu imekuwa leso, si "lezo". Masikio ya Waswahili wa karne ya 16 yalikuwa makini.

Kiajemi ni mshindani wa kweli. Waajemi wana *miz* kwa maana ya meza, na mwenyeji anayekaribisha wageni ni *mizban*. Kutoka huko imekuja *mez* ya Kihindi na Kiurdu, na hata Waarabu wa Ghuba husema *mez*, kwa hiyo Mswahili wa Muscat ana haki ya kuuliza. Tena pwani yetu ilifanya biashara na Uajemi karne nyingi kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498.

Hata hivyo mizani naiona ikielemea Kireno, kwa sababu tatu. Kwanza, ile *a* ya mwisho: *mesa* tayari inayo, *miz* haina. Pili, neno limekuja na jamaa zake wa nyumbani wa Kireno: kasha kutoka *caixa*, foronya kutoka *fronha*, kopo kutoka *copo*, pamoja na bendera, mvinyo, karata na gereza, ambayo ilitoka *igreja*, kanisa. Tatu, na hii ndiyo inayonishawishi zaidi, neno limejitokeza kila palipofika meli za Ureno: *meja* ya Kimalei, *mesaya* ya Kisinhala, na upande wa pili wa Afrika *mesa* ya Kilingala. Mdomoni mwa Mto Kongo Wareno walifika miaka ya 1480. Waajemi hawakufika.

Jambo moja la kupendeza: Mwarabu wa Shamu (Syria na Lebanoni) huita meza *tawila*, neno linaloelezwa kuwa limetoka *tavola* ya Waitalia. Kwa hiyo Kiarabu kilichukua ukoo wa *tabula*, Kiswahili kikachukua ukoo wa *mensa*.

Na bara je? Lilifikaje?

Kwa Kiswahili, kupitia misafara, misheni na shule. Waganda husema *emmeeza*, Wanyarwanda *ameza*, Wakikuyu *metha* na Wajaluo *mesa*. Kila lugha ililirekebisha kwa sauti zake: Kikuyu na Kijaluo hazina *z*, kwa hiyo moja ikatumia *th* na nyingine *s*.

Meza ya chakula na kitenzi "kumeza" vina uhusiano?

Hapana kabisa, ingawa swali hili huulizwa na watu makini. *Kumeza* ni Kibantu tangu zamani: Wachewa wa Malawi pia husema *kumeza*, na Waganda na Wanyarwanda wana *mira* kwa maana ileile. Hakuna meli ya Kireno iliyohitajika kutufundisha kumeza. Kukutana kwa maneno haya kwenye chakula ni bahati ya sauti tu.

Maneno gani hudhaniwa ni ndugu wa "mesa" kumbe sivyo?

*Mesada* ya Kireno, posho ya mwezi anayopewa mtoto, imetoka *mês*, mwezi. Lakini *mesada* ya Argentina, sehemu ya kazi ya jikoni yenye jiwe au marumaru, imetoka kweli *mesa*. *Misa* ya kanisani ni *missa*, kutoka kitenzi cha kutuma au kuruhusu watu waende. *Masa* ya Kihispania, unga uliokandwa, ni *massa*. Upande wa ndugu wa kweli yupo *comensal*, anayekula meza moja nawe. Kutokana na neno hilo wanabiolojia hukiita komensali kiumbe anayefaidi kwa mwenzake bila kumdhuru.

Wingi wake nitauandikaje?

Kihispania: *la mesa, las mesas*. Kireno: *a mesa, as mesas*. Kiromania ndicho chenye mtego: *o masă, două mese*. Ile *e* ya Kilatini, iliyogeuka *a* katika umoja, inaonekana tena katika wingi. Kwa Kiswahili ni ngeli ya I-ZI: meza hii, meza hizi. Usiandike "mameza" katika mtihani.